Kinyonga Aliyeimba Barazani kwa Mama

Juzi mwanangu aliniuliza zamani, kabla ya simu hizi za kupangusa kwa kidole, tulikuwa tunachekea nini. Nikamwambia tulikuwa na kinyonga. Akanitazama kama mtu aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Kinyonga gani wa kuchekesha watu, na huku kwetu milimani Lushoto mtu mzima akimkuta kinyonga kwenye fito za uzio anaruka na jembe lake? Nikaona nimweleze yote, maana habari ile nikiguswa sinyamazi, na mtu akinikatiza katikati tunagombana.

Nyumba ya mama iko juu kabisa, mgongoni mwa mlima, upande wa kwenda Mlola, na mashamba ya watu wote wa pale yako chini bondeni. Siku hizi mnara umejengwa karibu, unaongea na simu hata ukiwa chooni. Wakati ule mnara ulikuwa ng'ambo ya mlima, na bondeni simu ilikuwa tochi na saa, basi. Mtandao ulifika sehemu moja tu, barazani kwa mama, tena si baraza yote: ukuta wa upande wa mti wa mpeasi. Ukisogea kidogo kuelekea jikoni unabaki unasema haloo haloo peke yako. Kwa nini pale na si kwingine, mpaka leo hakuna aliyetueleza tukamwelewa.

Majirani wakaanza kuja na simu zao. Mwanzoni walikuwa wanasimama pale wakingoja kupigiwa, wanapoteza siku nzima, na mama anawapikia chai huku ananung'unika. Mwisho akachukua nyundo, akapiga misumari ukutani, akasema kila mtu atundike simu yake akalime. Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi mtu akishuka shambani anapita kwetu, anatundika simu kwenye msumari wake. Jioni akipanda anaichukua. Mimi nilikuwa na mashine ya kufuma masweta, ndiyo kazi yangu mpaka leo, nikafuma vimfuko kwa nyuzi zilizobaki, kila simu na kimfuko chake, kwa sababu ukungu wa kwetu unaingia hata ndani ya sanduku.

Sasa kusoma majina kwenye vioo vya simu, macho ya mama yalikuwa hayawezi. Aliwajua watu kwa milio. Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wote. Mwalimu mstaafu, jirani yetu, simu yake ililia kengele kavu kama ya ofisini. Muuza maziwa alikuwa na muziki wa harusi. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake na hakuna aliyemwiga mwenzake. Simu ikilia, jabali la mbele linaurudisha mlio, bonde zima linasikia, na mwenyewe anaacha jembe anapanda. Asiposikia, mama anasimama ukingoni na kumwita kwa Kishambaa, na sauti ya mama si ya mchezo. Hata ndugu zetu wa mjini walijifunza utaratibu: unapiga, unakata, unamngoja mtu apande mlima, halafu unapiga tena.

Amani hiyo aliivuruga kaka yangu.

Kaka alikuwa na kibanda Mombo, chini barabarani, pale mabasi ya Moshi na Arusha yanaposimama watu wale. Alikuwa anachaji simu za watu, anauza vocha, na anaingiza milio kwa waya kutoka kwenye kompyuta moja kuukuu aliyoipenda kuliko sisi ndugu zake. Krismasi moja akapanda nyumbani, na kabla hata hajakaa akatoa simu mfukoni, akatuambia tusikilize. Ikaanza polepole: ti, kimya, ti, kimya, kama mnyama anayetembea huku bado anafikiria. Unangoja. Unaona huyu hafiki leo. Halafu ghafla mlio ukapasuka, tiriritiriri, mbio za kichaa, na mwisho kabisa kicheko cha mtoto mdogo. Kwenye kioo akatokea kinyonga wa katuni, kavaa tai na mabuti ya mvua, jicho moja linatazama Tanga, la pili linatazama Moshi.

Nilicheka mpaka nikaangukia gunia la karoti. Mama alipiga yowe, akajifunika kanga usoni, akaagiza huyo mdudu atolewe nyumbani mwake mara moja. Kwamba ni picha tu, hilo halikumwingia. Isitoshe, alisema, kinyonga tangu aumbwe hana sauti. Aliyempa sauti ni mwongo, na mwongo huyo ana siku yake ya kujibu.

Kinyonga hakujali. Alitokea wapi hasa sijui. Magazetini kulikuwa na picha yake ndogo pembeni, na maelekezo ya kutuma neno kwenda namba fulani. Vocha yako inaliwa, kinyonga anakuja. Kwa kaka ilikuwa rahisi zaidi, unampa simu, unakunywa supu, ukirudi umeshakuwa naye. Kaka alisema Mombo hakukuwa na dereva asiye na kinyonga, na abiria wakishuka kwenye basi wanamsikia, wanauliza, wanaondoka naye mpaka huko waendako. Nilikuwa nawaza, huyu mnyama anayetembea kama mgonjwa kafikaje nchi nzima kabla ya barua.

Mlimani alipanda kama mafua. Mara nikamwona amebandikwa kwenye vioo vya magari ya mboga. Mara yuko kwenye majalada ya madaftari ya watoto. Kinyozi mmoja wa Lushoto mjini akamchora ukutani kashika mkasi. Fulana zake zikaletwa kwenye gulio la Mlola, zimeandikwa maneno ya lugha ambayo hata mwalimu mstaafu hakuijua, ingawa alijitia anaijua na akatutafsiria. Wateja wangu nao hawakubaki nyuma: dada, nifumie kofia ya mtoto, lakini mbele uweke kinyonga. Nilifuma vinyonga mpaka nikawaota. Macho ndiyo yalikuwa kazi. Ukikosea kidogo tu anatoka mjusi mgonjwa, na mtoto analia, na mama yake anataka upunguze bei.

Watoto ndio walionishangaza. Zamani wakimwona kinyonga wa kweli wanamrushia mawe. Sasa wakawa wanamtafuta kwenye uzio, wanamsogezea simu iliyoazimwa kwa ujanja, wanampigia wimbo wake waone kama atacheza. Kinyonga wa watu anatulia, anazungusha jicho, anageuka kijani zaidi, na wao wanaapa kafurahi. Ya kanisani nayaruka, maana kila usharika una hadithi yake ya simu iliyolia wakati wa sala, na zote zinafanana.

Hata mama alizoea. Siku za kwanza alikuwa anaishika simu yenye kinyonga kwa ncha ya kanga, anaigeuza kioo chini, anakwenda kunawa. Baadaye akaacha kunawa. Halafu siku moja nikamsikia jikoni anachekecha unga na anaimba, ti, ti, polepole, akifuata mkono wake. Nilipochungulia akanyamaza akaniuliza kuni ziko wapi.

Shida ilianzia barazani. Kila aliyeshuka Mombo alirudi na kinyonga. Muuza maziwa akaiacha harusi yake. Mwalimu mstaafu akaiacha kengele, na huyu ndiye aliyetuvunja mbavu kuliko wote, mzee wa koti na kalamu mfukoni. Alisema amewekewa kwa makosa. Makosa gani, wakati kaka alituambia mzee alikaa kwenye benchi pale kibandani akaomba asikilizishwe mara tatu. Karibu misumari yote ikawa inaimba kitu kimoja. Ikianza ti, bonde zima linanyoosha migongo. Wanaacha majembe, wanapanda, wanafika juu wanahema, kumbe simu ni ya mmoja tu, tena mtu kabipu. Wengine wote wanashuka wakisonya.

Mtu akipanda mlima bure mara nyingi anachoka. Ikafika mahali kinyonga akiimba kila mmoja anasema moyoni, hiyo si yangu, ya jirani hiyo, anaendelea kulima. Simu zikawa zinalia mpaka zinanyamaza zenyewe. Mama anasimama ukingoni amekunja mikono, hajui amwite nani, na akiita tu jamani simu, hakuna anayegeuka. Kuna harusi ilitupita kwa ajili hiyo, tukaja kusikia watu walikula ng'ombe wawili bila sisi. Mimi nilikasirika wiki nzima.

Tulikuwa katika hali hiyo ilipokuja habari ya fundi.

Fundi alikuwa seremala, jirani yetu wa chini kidogo, mtu mkubwa wa mwili, mpole mpaka inakera. Mama yake alikuja huku kufuata kazi za mashamba ya chai, akitokea mbali, na mtoto mmoja tu mgongoni. Alifia hapa fundi akiwa kijana, na hapakuwa na ndugu wa kumfuata wala wa kumrudisha kwao. Fundi akabaki nasi. Alilima kabichi, akatengeneza milango ya watu, akavuka arobaini bila mke, na sisi wanawake tukimtania anainamisha kichwa anatabasamu.

Mwaka ule alipata kazi ya kuezeka nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai, kule Usambara ya mashariki, karibu na Zirai. Akakaa huko miezi. Aliporudi hakuwa yule. Anachekacheka peke yake, anapiga randa ubao uleule mpaka unakaribia kuwa karatasi. Mimi mafumbo siyawezi. Nikamfuata karakana nikamwuliza ni nani huyo. Akaniambia bila kunitazama.

Alikuwa mchuma chai, mwanamke wa Njombe, aliyekuja huko kwa mkataba. Siku moja fundi yuko juu ya paa, simu ikaimba mfukoni, na wachuma chai walikuwa wanapita chini na vikapu vyao. Wenzake wakapita. Yeye akasimama, akacheka, akacheka mpaka kikapu kikamwagika. Akaokota chai yake jani kwa jani, halafu akainua uso akamwomba fundi huyo kinyonga aimbe tena. Fundi akashuka ngazi. Tangu siku hiyo akawa anashuka kila jioni, na kazi ilipokwisha akawa amekwisha kumwomba amwoe.

Mwanamke hakukataa na hakukubali. Alikwisha kuolewa mara moja, mambo yakamshinda, safari hii alitaka kufikiri. Mkataba wake ulikuwa unamalizika, na Jumatatu ilikuwa siku yake ya kupanda basi kurudi kwao. Simu hakuwa nayo. Akamwambia fundi kwamba Jumapili ataazima ya mwenzake na kupiga mara moja, amwambie ndiyo au hapana. Simu isipopokewa, atajua mwanaume kabadili mawazo, na yeye ataondoka zake. Fundi alinieleza hayo yote jasho linamtoka, asubuhi ya baridi ambayo mimi nilikuwa nimevaa masweta mawili.

Nikamwambia jambo dogo hilo, lete simu nikubadilishie mlio, ikilia tutajua ni yako. Nilipoishika tu, akaichukua tena mikononi mwangu taratibu. Akasema kinyonga hatoki. Kilichomsimamisha yule mwanamke ni kinyonga, na yeye hawezi kumfukuza wiki hiyohiyo mambo yanapoamuliwa. Nilimbishia nikachoka. Watu wapole wakikataa, wamekataa.

Nikaipeleka kesi kwa mama. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua hata kichwa. Akasema kama fundi habadilishi, basi watabadilisha wengine wote.

Loo, wiki ile ilikuwa na kazi. Kila aliyekuja asubuhi kutundika simu alimkuta mama kasimama mbele ya misumari, na mimi nimekaa pembeni kwenye kigoda. Maneno ya mama yalikuwa mafupi: fundi anangoja mke, toa kinyonga. Wengi walicheka wakanipa simu zao. Muuza maziwa akairudisha harusi yake, akasema kwa wiki kama hiyo ndiyo yenyewe. Wasichana walinuna kidogo, na kila mmoja alitaka kuchagua. Huyu mlio huu hautaki, yule unamkumbusha mwanaume fulani. Nilikuwa nafungua menyu za Kiingereza nusu kwa kusoma, nusu kwa kubahatisha, na simu ya mtu mmoja niliigeuza Kifaransa kitupu, ikabidi ipelekwe Mombo kwa kaka ikaokolewe. Kaka alituma salamu kwamba tunamharibia biashara. Mama akamjibu kwamba na ale biashara yake.

Aliyetusumbua ni mwalimu mstaafu. Alisema hata serikali haimpangii raia mlio wa simu, na mama si serikali. Alisema kinyonga akitoka hatarudi tena, maana huko Mombo bahati kama ile haiji mara mbili. Wiki nzima alipita kwetu kabla hatujaamka, akatundika simu yake kwa siri, akajificha shambani. Ijumaa mama alimfuata mpaka kwenye karoti zake. Walizungumza Kishambaa kwa muda mrefu, mimi niko juu naona mikono tu. Sijui mama alimwambia nini, na nilipomwuliza aliniambia nifume. Jumamosi jioni mwalimu akaja na koti lake, akanikabidhi simu kama mtu anayekabidhi ufunguo wa ofisi.

"Niwekee ile kengele ya zamani," alisema. "Lakini usimfute. Mfiche tu mahali."

Jumapili, baada ya ibada, fundi alikuja barazani na shati lake la kanisani, akakaa chini ya simu yake. Akainuka, akachungulia ndani ya kimfuko aone kama ipo, akakaa tena. Chai ikapoa mbele yake. Ndege akilia anashtuka. Mimi roho ilikuwa juu kana kwamba anayeolewa ni mimi, na nikiwa na wasiwasi nasema sana, kwa hiyo nilisema sana. Mchana ukapita. Ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni, na simu iko kimya kwenye msumari.

Halafu ikafika zamu yake ya maji. Kwetu maji ya mfereji yanagawanywa kwa zamu kutoka kwenye ndiwa, bwawa dogo la udongo tunalochimba juu ya mashamba. Ukikosa zamu yako unangoja mpaka mzunguko urudi kwako, na kabichi hazingoji. Maji nayo hayajui Jumapili. Fundi akasema kabichi zikauke tu. Mama akamwuliza huyo mke akija atakula nini, milango? Akamwambia ashuke akafungue maji, asiendelee kumtia presha pale. Simu ikiimba ataisikia, bonde zima leo lina kinyonga mmoja. Fundi akashuka, anakwenda anageuka nyuma, anakwenda anageuka nyuma, mpaka mama akamtikisia mwiko.

Maji yalikuwa hayajafika hata kwenye tuta la katikati nilipoisikia. Ti.

Nilikuwa nakata mboga, nikaacha kisu. Ti, kimya, ti. Na bondeni, jamani, nisingeona kwa macho yangu nisingeamini. Waliokuwa kwenye mifereji, waliokuwa wanachuma mboga za jioni, waliokuwa wanajipitia tu, wote walisimama, na safari hii hakuna aliyesema ni ya jirani. Walijua ni ya nani. Mwalimu mstaafu ndiye wa kwanza kupaza sauti kumwita fundi, wa ng'ambo wakaidaka, ikawa inarushwa shamba hadi shamba, fundi, fundi, mpaka jabali nalo likawa linamwita. Nikamwona anatupa jembe. Anakuja mbio katikati ya kabichi zake mwenyewe, anazikanyaga.

Lakini mlima ni mlima. Kinyonga alikwisha kufika kwenye mbio zake za kichaa na fundi bado yuko chini ya mkingamo wa kwanza, tuta la kuzuia udongo kwenye mteremko. Kwa siku nyingine tungeacha ilie, mpigaji akate, apige tena. Huyu alikuwa na simu ya kuazima na alisema atapiga mara moja. Mama akaitoa kwenye kimfuko, akabonyeza, akasema haloo.

Simu za wakati ule zilikuwa na sauti kubwa, nilisikia kila kitu. Mwanamke aliuliza fundi yuko wapi. Hakuamkia, maana hakujua anaongea na nani. Mama akamweleza kwamba yuko njiani anapanda kutoka kwenye maji. Mwanamke akasema hawezi kungoja, simu ni ya mtu na vocha inakwisha. Kisha akanyamaza. Mimi nimewahi kumkatalia mtu, ule ukimya naujua; ni wa mtu anayetafuta namna ya kusema hapana bila kuumiza. Nikamshika mama mkono.

Mwanamke akauliza: "Kwani wewe ni nani yake?"

Mama alinitazama. Angeweza kusema jirani, na lingekuwa jibu sahihi, na simu ingekatika na mambo yangeishia hapo.

"Mimi ni mama yake," alisema.

 Halafu mwanamke akasema, sasa sauti imebadilika, kwamba fundi alimwambia hana mama, hana shangazi, hana mtu yeyote, na hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi. Kule alikoolewa kwanza, siku mambo yalipoharibika hakupata hata mtu mmoja wa kumsemea. Walimtoa na nguo zake. Fundi anampenda, lakini anaogopa kwenda tena ugenini, milima asiyoijua, kwa mwanaume asiye na mtu nyuma yake.

"Alikwambia kweli," mama akasema. "Aliyemzaa tulimzika sisi, kaburi liko hapa chini, nalipalilia mimi. Lakini ukija, unakuja kwangu. Akikukosea, unapanda hapa unaniambia, nitamshughulikia. Sasa sema upesi, mwanaume anafika hapa hana pumzi. Nimwambie nini?"

Nilisikia watu wanaongea nyuma yake, na kuku, na mtu anadai simu yake. Kisha ikaja sauti ndogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwambie kesho nashuka Mombo."

Simu ikakatika. Mama akabaki ameishika sikioni.

Fundi akatokea kwenye kona ya nyumba, matope mpaka magotini, shati la kanisani limechomoka. Alipomwona mama na simu iliyonyamaza, uso ukamshuka. Akasema nimechelewa. Hakuuliza, alisema tu, kama mtu ambaye mambo ya namna hiyo amezoea kuyapata.

Mama akamwambia kesho asubuhi na mapema aende Mombo akampokee mkewe, na kwanza aoge. Fundi hakuelewa. Mama akarudia. Akasimama pale anahema, anatutazama mmoja mmoja kana kwamba tunamchezea, halafu akauliza yule mwanamke alisemaje, maneno yake yenyewe.

"Kaniamkia," mama akasema. "Nimemwambia mimi ni mama yako, akaniamkia."

Mtu mkubwa vile, akakaa chini palepale udongoni. Akaficha uso kwa mikono yenye matope, akalia kwa sauti. Mimi nami nikalia, sioni haya kusema. Mama akajitia anapanga simu kwenye misumari, nazo zilikuwa zimepangika vizuri tu. Halafu akachungulia bondeni, akaniambia nibandike sufuria kubwa ya chai, kwa sababu watu wote walikuwa wanapanda.